Chupa Iliyovaa Kapu

Vijana wangu wa maabara, mliponiaga juzi kwa soda na wali, mmoja wenu aliniuliza kwa nini chupa za kupimia mkojo katika wodi yetu zinavaa vikapu vya ukindu, wakati katika hospitali nyingine zinakaa uchi chini ya vitanda. Mwingine akadakia kwamba vikapu vile vinafuga mende na vingefaa kuchomwa moto. Sikujibu kwa sababu nilikuwa natafuna. Sasa nimestaafu, nina muda mwingi na meno machache, basi nitajibu kwa kalamu. Itabidi nianzie mbali, miaka ya hamsini, nilipoingia kazini bila kujua figo iko upande gani wa mwili.

Hospitali ya misheni pale Ifakara ilikuwa na chumba kimoja cha vipimo, kando ya stoo ya jikoni, chenye dirisha linalotazama milima. Ndani kulikuwa na meza, taa ya spiriti, mirija ya kioo iliyosimama kwenye kibao chenye matundu, hadubini ya shaba iliyovuta mwanga wa jua kwa kioo kidogo, na Sista Gaudensia. Sista alikuwa mtawa wa Kizungu, mfupi, mwenye mikono ya mkulima. Alikuwa ameanzia kazi Mahenge, kwa hiyo akikasirika alichanganya Kiswahili na Kipogoro, na hakuna siku aliyofika saa ya chai bila kukasirika. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi ndoo ya maji, majivu na rundo la mirija michafu.

"Osha," akasema. "Ukiosha vibaya, kesho nitamwambia mtu mwenye afya kwamba anaumwa, naye ataniamini."

Mimi nilidhani kazi ya hospitali ni kuvaa nguo nyeupe na kuchoma watu sindano. Nilipogundua kwamba nimeajiriwa kushika mikojo ya watu, nilitaka kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Habari zilinitangulia. Mjini wakaniita Bwana Mikojo, na wasichana wa sokoni wakawa wananisalimu kwa mbali huku wamebana pua. Baba yangu alikuwa mvuvi aliyenuka kambale maisha yake yote, lakini hata yeye alinitaka nioge kwanza kabla sijanawa kula naye.

Sista alinifundisha kwa utaratibu wake: macho kwanza, pua baadaye, moto mwisho. Kwa macho unatazama rangi. Kwa pua unajua kama mkojo umeoza au una harufu tamu. Kisha unajaza mrija, unaupasha moto sehemu ya juu tu kwenye taa ya spiriti, na unangoja. Mkojo wa mtu mzima wa afya huchemka na kubaki mwangavu. Wa mwenye figo mbovu hufanya wingu jeupe, kwa maana kilichomo ni kitu kilekile kinachofanya ute wa yai ugande kikaangoni, nacho hakikupaswa kuvuka kutoka kwenye damu. Nilipoliona wingu lile kwa mara ya kwanza nilishtuka kama mtu aliyeona moshi ukitoka kwenye nyumba ya jirani. Ndivyo lilivyo hasa. Kuna kitu kinaungua ndani, na mwenye nyumba hajui.

Lakini sikuipenda kazi mpaka siku misheni walipochinja nguruwe. Sista aliingia maabara na figo mbili kwenye sahani ya bati, akafunga mlango ili mpishi asije kuzidai, akanoa kisu.

"Hii inafanana na yako kuliko ndugu zako wengi," akaniambia, akaipasua figo moja kwa urefu.

Nilitegemea kuona nyama tu. Nikaona nyumba yenye vyumba. Ukingoni palikuwa na tabaka jekundu lililoiva, katikati mapande yenye mistari kama minofu ya samaki, yaliyopangwa mduara, na ndani kabisa beseni dogo jeupe, na kutoka kwenye beseni mrija mwembamba kuliko bua la mpunga. Akanieleza kwamba katika lile tabaka la nje, kila figo ina vichujio vinavyofika milioni moja, kila kimoja ni fundo la mishipa ya damu midogo isiyoonekana kwa macho. Damu inaingia kwa kusukumwa na moyo, fundo linakamua maji na vyote vilivyoyeyuka ndani yake, chembe nyekundu zinabaki. Kwa siku moja, figo za mtu mmoja hukamua kiasi cha madebe kumi.

"Sista," nikasema, "hakuna mtu anayekojoa madebe kumi."

Akafurahi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimfurahisha. Akaniuliza mama yangu husafishaje nyumba wakati wa Pasaka. Nikamjibu kwamba hutoa kila kitu uani, vitanda, vyungu, magunia, mpaka nyumba inabaki tupu, kisha anarudisha ndani anachokitaka na takataka anaziacha nje. "Basi figo inafanya Pasaka mchana kutwa," akasema. Maji yanayokamuliwa hupita kwenye vijitundu virefu vilivyojikunja, na humo mwili unarudisha ndani sukari yake, chumvi yake, na karibu maji yote. Kinachoachwa nje ni uchafu na maji ya kuusindikizia, chupa mbili hivi kwa siku. Hicho ndicho wasichana wa sokoni walichokuwa wanakibania pua.

Sijui niseme vipi jinsi nilivyojisikia siku ile. Nilipenda, basi. Niliwapenda wale wafanyakazi wawili wanaokaa kimya mgongoni, chini ya mbavu za nyuma, bila kudai shukrani. Sista akanionyesha kwamba hata ile mirija miwili inayoshuka kwenda kwenye kibofu hainingʼinii tu kama bomba. Inajibana kwa mawimbi na kusukuma mkojo, ndiyo maana mtu akilala chali kibofu kinajaa vilevile. Kibofu nacho nilikijua toka utotoni, maana tulikuwa tunakipuliza cha mbuzi na kukifanya mpira. Tulikipiga teke kitu chenye akili kuliko sisi: kinatanuka pole pole, kikikaribia kujaa kinatuma habari ubongoni, na mtu akikiambia ngoja, kinangoja, ingawa si kwa uvumilivu wa milele.

Baada ya hapo niliona vitu ambavyo wengine hawakuviona. Wakati wa mavuno, wakulima walioshinda na kukesha kwenye madungu wakifukuza ndege na ngiri walikuja na mikojo myeusi kama chai ya rangi, kwa sababu walikunywa maji kidogo na figo zilikuwa zimebana kila tone. Masika, mto Lumemo ulipofurika na watu wakanywa uji mchana kutwa, mirija yangu yote ilikuwa myeupe kama maji ya kisima. Hakuna aliyeziambia figo kwamba mvua imenyesha. Zilijua zenyewe.

Sasa nifike kwenye vikapu.

Mwaka mmoja mvua zikiwa zinaisha, aliletwa mzee kwa machela ya miti kutoka kijiji cha Katindiuka. Aliitwa Mzee Kasiani. Alikuwa ametoka milimani upande wa Mahenge kufuata mashamba ya mpunga, na kama watu wengi wa kule juu, mwili wake haukuwa umeizoea malaria ya bondeni. Alikuwa anameza dawa ya kwinini siku akijisikia na kuiacha siku akijisikia. Sasa alikuwa na homa, macho ya njano, na mkojo wake wa kwanza niliopokea ulikuwa mweusi kama kahawa. Sista aliutazama akafanya ishara ya msalaba. Ilikuwa homa ya mkojo mweusi.

Katika ugonjwa ule, chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi mwilini na rangi yake yote inamiminikia kwenye figo. Mara nyingine vile vijitundu vinaziba, kama mfereji wa shamba uliojaa tope baada ya gharika, na mkojo unakatika kabisa. Hapo daktari alikuwa na silaha moja tu, nayo ni subira. Mgonjwa aliyekatika mkojo anapewa maji kidogo sana, kikombe kimoja kimoja, maana maji yasiyo na pa kutokea yatamjaa mapafuni na kumzamisha kitandani. Lakini kama figo bado zinatoa, mambo ni kinyume: mpe maji mengi, uzisafishe, maana zikikauka ndipo zitakapoziba. Kwa hiyo maisha ya mzee yule yalitegemea jambo moja, kujua ni kiasi gani kinatoka. Na cha kutupa habari hiyo kilikuwa chupa ya kioo iliyochorwa mistari, chini ya kitanda chake.

Aliyemuuguza alikuwa mkwe wake, Sabina, mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, na mke wa mzee alikwisha kufa. Sabina alikuwa binti mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kwa siku mbili sikuwahi kumwona ameinua macho mbele ya mzee. Akimletea kikombe, alipiga magoti, akakiweka sakafuni, akasogea nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Mkwe haketi kwenye kitanda cha baba mkwe, hataji jina lake, na kuhusu haja zake hata kusikia hasikii. Sisi tulimpa kazi ya kuchunga chupa.

Chupa ilikaa tupu. Asubuhi tupu, jioni tupu, na kesho yake hivyohivyo. Daktari wetu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliinama, akaitazama mwangani, akairudisha. Akaamuru maji yapunguzwe. Mzee Kasiani hakulalamika. Alilala na midomo iliyopasuka, akikifuata kwa macho kila kikombe kilichopita kwenda kwa mgonjwa mwingine. Padre alikwisha kuambiwa akae karibu.

Siku iliyofuata daktari aliagiza tumbebe mzee hadi stoo, tumpime kwenye mizani ya magunia ya mpunga, kama tulivyompima alipofika. Tukambeba. Daktari akasoma, akasoma tena, akanitazama.

"Amepungua mno," akasema. "Hajavimba popote. Ulimi umekauka kama ngozi. Maji yanatoka kwa huyu mtu, na si jasho. Yanatokea wapi?"

Tulimrudisha kitandani. Daktari akamuuliza mzee mwenyewe kama amekojoa.

"Sijapata, Bwana Daktari," mzee akajibu, akageukia ukutani.

Akamuuliza Sabina. Sabina alikuwa amesimama mlangoni, ameshika upindo wa kanga kwa mikono yote miwili. Wakati ule sikuelewa kinachomsumbua. Nilidhani anamwogopa daktari wetu kwa kuwa ni Mzungu.

"Bwana Daktari," akasema hatimaye, akitazama sakafu, "kaipimeni ile migomba ya nyuma ya veranda."

Daktari hakuelewa. Akanitazama mimi, nami sikuelewa. Sista Gaudensia ndiye aliyeelewa, kwa maana aliwahi kukaa miaka na wanawake wa Mahenge. Akatoka mbio kwenda nyuma ya veranda, tukamfuata. Kwenye mgomba wa kwanza, chini, udongo ulikuwa umelowa na kuwa mweusi, na juu ya jani kavu palikuwa na matone ya rangi ya kahawa.

Ndipo mambo yakawa wazi. Kila alfajiri mzee alikuwa akijikokota kwa kushika ukuta, na homa yake yote ile, kwenda kukojoa migombani. Chupa ilikuwa ya kioo. Aliona ni heri afe kuliko mkwe wake apite amebeba kitu kile mbele ya watu, akione, akipime kwa mistari. Na Sabina, aliyelala kwenye mkeka karibu na mlango, alimsikia kila mara, akajifanya amelala, kwa sababu mkwe mwenye adabu hasikii mambo hayo. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, na heshima hiyo ilikuwa inamuua mzee kwa kiu.

"Mpeni maji!" daktari alifoka, akakimbilia mtungi mwenyewe.

Nimewaona watu wengi hodari katika kazi hii, waliopasua matumbo na kuokoa wazazi na watoto. Lakini sijamwona aliyefanya jambo gumu kuliko binti yule aliyeleta habari za haja ya baba mkwe wake mbele ya wanaume, akijua mzee anamsikia. Alipomaliza kusema alikwenda kukaa nje, amejifunika kanga usoni. Nikamfuata.

"Dada Sabina, umemwokoa."

"Nimemvua nguo, kaka," akasema. "Hatanisamehe. Na nyie mtamrudishia chupa ileile."

Nilimwambia kwamba bila chupa hatuwezi kujua kama figo zimepona au zimeshaziba kwa kiu ile. Kisha akaniomba nimwazime chupa, tupu, na akaniuliza wapi atapata ukindu.

Mpaka jua linageuka alikuwa amesuka kapu lenye kifuniko, limeikaa chupa kama ngozi inavyokaa kwenye ngoma, na pembeni mpini wa kushikia. Mtu asingejua ndani mna nini. Ungedhani ni kapu la mchele wa zawadi. Hakulipeleka yeye. Alinipa mimi, akasema, "Mwambie ni la wagonjwa wote." Na kweli, tangu hapo kila chupa ya wodi yetu husukiwa kapu lake. Nikaliweka chini ya kitanda. Mzee Kasiani alilitazama, akaligusa kwa kidole, akakiangalia kile kifuniko kwa muda. Aliijua mikono iliyolisuka, maana mikeka yote ya nyumbani kwake ilisukwa hivyo. Tukakubaliana kwamba Sabina atahesabu maji yanayoingia na mimi nitachukua yanayotoka.

Sasa kukawa na kungoja kwa kweli. Maji yaliingia kikombe baada ya kikombe, na hakuna aliyejua kama bado kuna mlango wa kutokea. Nilikuwa nafunua kapu lile kila mara. Mara ya kwanza nilikuta kiasi cha kikombe cha kahawa tu, na cheusi vilevile. Daktari akatikisa kichwa, akasema tuendelee. Baadaye palikuwa na kidogo zaidi. Sista alipita na rozari mkononi, akajidai kwamba alikuwa akienda jikoni, ingawa jikoni kuko upande mwingine. Nilikuwa nimezizoea figo kwenye sahani na kwenye mirija. Sasa nilikuwa nazisubiri kama mtu anavyomsubiri ndugu aliyevuka mto uliojaa, nikiziomba kimoyomoyo zisikate tamaa.

Hazikukata. Kesho yake chupa ilifika nusu, rangi ya chai ya rangi. Siku iliyofuata ilijaa na kutaka kumwagika, ikabidi niombe ya pili. Vijitundu vilikuwa vimezibuka, na kama ilivyo kawaida ya figo zinazoamka, zilitoa maji kwa wingi mpaka tukawa na kazi ya kumnywesha mzee ili asikauke tena. Mkojo ukawa mwekundu hafifu, halafu wa dhahabu. Asubuhi moja nikaupasha moto juu ya taa ya spiriti, ukachemka na kubaki mwangavu, pasipo hata utando wa wingu. Nikaita "Sista!" kwa sauti iliyomfanya mpishi aje na ndoo ya maji akidhani nimeunguza chumba.

Tulikwenda wodini sote, daktari mbele. Daktari akamweleza mzee kwamba amepona, na kwamba anaweza kujiandaa kurudi Katindiuka. Mzee Kasiani alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa, macho meupe. Alisikiliza, akaitikia, akashukuru. Kisha akauliza, "Mkwe wangu yuko wapi?"

Sabina alikuwa mlangoni kama kawaida. Tangu siku ile ya migomba hawakuwa wamesemezana zaidi ya salamu. Akasogea, akapiga magoti mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mzee aliinama, akalivuta lile kapu kutoka uvunguni, akaliweka sakafuni mbele yake. Mimi niliruka kulichukua, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Akanizuia kwa mkono.

"Mkwe," akasema. "Funua."

Sabina alitikisa kichwa. "Baba, sithubutu."

"Wewe ndiye uliyesema. Funua uone ulichosema."

Alinyoosha mkono, akakifungua kifuniko polepole, akatazama ndani. Jua la asubuhi liliingia kwenye kioo, na ilikuwa rangi nzuri, ya majani makavu ya mpunga. Machozi yakamtoka binti wa watu, wala hakuyafuta.

"Ni mzuri, Baba," akasema.

"Ni mzuri," mzee akarudia. "Asante, mwanangu."

Hakumwita mkwe tena, wala sikumsikia akimwita hivyo siku zilizobaki. Sabina akalifunika kapu, akasimama, akapita nalo katikati ya wodi, mbele ya wanaume wote, kichwa juu, mpaka maabara, akanikabidhi kwa mikono miwili.